Boksi la Kuchagulia Sauti kwa Msikilizaji wa Redio za Mbali

Msikilizaji wa redio za mbali mwenye redio mbili na hedifoni moja anaijua vyema dakika ile ya mwisho kabla ya saa kutimia. Redio ya kwanza ameiweka kwenye masafa aliyokuwa akiyavizia tangu magharibi, ya pili ameiweka kwenye masafa mengine ya kituo anachokidhania, na kituo kinakaribia kujitaja jina. Sauti inapanda na kushuka, mkono mmoja unachomoa plagi huku, wa pili unapapasa tundu la kule, na mara nyingi jina hupita plagi ikiwa bado mkononi. Boksi ninaloeleza hapa linaondoa tabu hiyo kwa swichi mbili, soketi nne, rezista chache na transfoma mbili ndogo, vyote vikikaa ndani ya mkebe wa biskuti. Halitumii betri wala umeme wa ukutani, na mtu aliyewahi kushika pasi ya kulehemu hata mara mbili tatu anaweza kulimaliza kwa siku mbili za mapumziko.

Ninaandika nikiwa Makunduchi, kusini ya Unguja, na baadhi ya maelezo yatakayofuata, hasa yale ya chumvi, yanawahusu zaidi wanaoishi karibu na bahari kama mimi. Kwa miaka mingi wasikilizaji wa Ulaya na Marekani walikuwa wakikesha kuitafuta Sauti ya Tanzania Zanzibar kwenye kilohezi 11735, katika bendi ya mita 25, na waliipata. Sisi tulio upande huu tunaufanya mchezo ule ule kwa mwelekeo wa pili.

Kwa nini redio mbili kwa wakati mmoja

Katika masafa ya kati, vituo vya Afrika, Ulaya na Asia vimepangwa kwa hatua za kilohezi 9, kuanzia 531, 540, 549 na kuendelea hadi juu ya 1600. Mpango huo ulikubaliwa Geneva mwaka 1975 na ukaanza kutumika mwaka 1978. Nafasi ni chache na vituo ni vingi, kwa hiyo kila nafasi imegawiwa nchi nyingi, na jua likishatua mawimbi huanza kusafiri mbali kupitia tabaka za juu za anga, hata katika nafasi moja ukasikia vituo viwili au vitatu vimelaliana. Lugha huijui, muziki haukuambii kitu, na jina linatajwa mara moja kwa saa. Njia ya uhakika zaidi ni kutafuta masafa ya pili yanayobeba matangazo yale yale, mara nyingi kwenye mawimbi mafupi ambako sauti huwa safi zaidi, kisha kuyalinganisha.

Wengi hulinganisha kwa zamu: wanasikiliza hii kidogo, wanahamia ile, wanarudi. Sikio halifanyi kazi vizuri namna hiyo, kwa sababu kumbukumbu ya sauti hafifu iliyochanganyika na kelele hufutika upesi. Ukiweka redio ya kwanza kwenye sikio la kushoto na ya pili kwenye sikio la kulia, kwa wakati mmoja, jambo hilo hilo huwa jepesi. Msemaji akivuta pumzi kushoto na kulia pamoja, umeshapata jibu, hata kama hukuelewa neno moja. Huenda ukasikia upande mmoja ukichelewa kidogo kama mwangwi, kwa sababu mtambo mmoja unaletewa matangazo kwa setelaiti na mwengine kwa njia nyengine. Mwangwi huo usikutie shaka, kwani ukibaki vile vile bila kurefuka wala kufupika, ni ushahidi mzuri kwamba chanzo ni kimoja.

Basi boksi letu linatakiwa kufanya mambo mawili. La kwanza, kila sikio liwe na swichi yake, itakayolipa redio A, redio B, au kimya. La pili ni lile ambalo michoro mingi niliyowahi kuiona imelisahau: rekoda ipate sauti kabla ya swichi, si baada yake. Rekoda ikiwekwa baada ya swichi, inarekodi unachosikiliza tu, na siku utakayokuwa umegeuza masikio yote mawili kwenye redio A ndiyo siku redio B itakapotaja jina. Ikiwekwa kabla ya swichi, redio A inaingia daima upande wa kushoto wa rekodi na redio B upande wa kulia, wewe ukigeuza swichi utakavyo. Ningelazimika kuacha kila kitu katika boksi hili, hilo nisingeliacha.

Vifaa

Tafuta soketi nne za stirio za milimita 3.5, zile za kufungwa kwa nati, na angalau moja kati yao iwe na mwili wa plastiki. Sababu ya plastiki itakuja mbele. Tafuta swichi ndogo mbili za kijiti zenye miguu mitatu na vituo vitatu, yaani juu, katikati na chini, ambapo katikati hakuunganishi kitu. Rezista zote ni za robo wati: mbili za omu 33, mbili za omu 560, mbili za kilo-omu 10 na mbili za omu 100. Waya wa kuunganishia kutoka redio hadi boksi ni ule wa oksi wenye plagi mbili za stirio, unaouzwa kila duka la simu kuanzia Darajani hadi Mkunazini, mjini Zanzibar. Utahitaji mitatu.

Transfoma ndizo zitakazokutembeza. Zinatakiwa ziwe za sauti, za omu 600 kwa 600, uwiano wa moja kwa moja. Dukani ni adimu, lakini ndani ya modemu kuukuu za simu, zile za kupigia intaneti kupitia waya wa simu ya mezani, imo moja katika kila modemu, kidude cha mraba chenye ukubwa wa kidole gumba. Mafundi wa kompyuta wanazo zimerundikwa pembeni na wengi watakupa kwa bei ya soda. Kuihakikisha, pima kwa mita: pini za upande mmoja zitaonyesha omu makumi kadhaa au zaidi ya mia, upande wa pili vivyo hivyo, na kati ya upande na upande mita isisome kitu kabisa. Ikisoma, itupe.

Mkebe uwe wa bati, si wa plastiki. Bati huzuia kelele za nje, na bati la mikebe ya biskuti hushika risasi vizuri, jambo linalorahisisha kuunganisha waya wa ardhi. Toboa matundu ya milimita 6 hadi 6 na nusu, ukiwa umeuegemeza mkebe kwenye kipande cha ubao ili bati lisibonyee, na ulainishe kingo kwa tupa kabla hujakata kidole. Soketi za redio A na B zikae nyuma pamoja na ya rekoda, swichi na hedifoni zikae mbele. Kabla ya kulehemu popote kwenye bati, kwangua rangi mpaka uone chuma kinang'ara.

Kuunganisha

Plagi ya stirio ina sehemu tatu ambazo nitaziita ncha, pete na shina. Katika hedifoni ncha ni sikio la kushoto, pete ni la kulia, na shina ni waya wa pamoja, yaani ardhi. Redio ya masafa ya kati au mawimbi mafupi hutoa sauti moja katika ncha na pete, hivyo kutoka kila redio tutachukua ncha peke yake na kuiacha pete ikielea. Usijaribu kufupisha kazi kwa kuchomeka plagi ya mono kwenye redio ya stirio, kwa maana shina refu la plagi hiyo huigusisha pete na ardhi, na upande mmoja wa kikuza sauti cha redio hubaki ukifanya kazi juu ya shoti.

Anza na swichi. Mguu wa katikati wa swichi ya kushoto unaunganishwa na rezista ya omu 33, na upande wa pili wa rezista hiyo unakwenda kwenye ncha ya soketi ya hedifoni. Mguu wa katikati wa swichi ya kulia unapitia omu 33 ya pili na kwenda kwenye pete ya soketi hiyo hiyo. Ncha ya soketi ya redio A inaunganishwa na mguu wa chini wa swichi zote mbili, na ncha ya soketi ya redio B inaunganishwa na mguu wa juu wa swichi zote mbili. Mashina ya soketi tatu, yaani A, B na hedifoni, yanaunganishwa pamoja kwa waya mmoja, na waya huo unalehemiwa kwenye bati la mkebe mahali pamoja tu.

Hapo kwenye miguu ya chini na juu pana mtego. Ndani ya swichi ya kijiti kipo kipande kinachobembea, na ukikisukuma kijiti juu, mguu wa katikati unaungana na mguu wa chini, si wa juu. Ndiyo maana nimepeleka redio A chini, ili kijiti kikiwa juu usikie A. Boksi langu la kwanza nililiunganisha kwa kufuata macho, nikalibandika maandishi kabla ya kulijaribu, na kwa wiki nzima nikawa naandika daftarini masafa ya redio hii kwa sauti iliyotoka kwenye redio ile. Daftari lile lina kurasa nne nilizozipiga mstari.

Omu 33 zimechaguliwa kwa hesabu. Hedifoni za kawaida zina omu 32 kila sikio. Masikio yote mawili yakiwekwa kwenye redio A, kikuza sauti cha upande mmoja wa redio kinalazimika kuendesha masikio mawili, yaani omu 16, na redio nyengine ndogo hukoroma zikibebeshwa hivyo. Kwa rezista hizo kila sikio linakuwa omu 65, na mawili kwa pamoja ni kama omu 32 na nusu, mzigo ule ule ambao redio ilitengenezewa. Volteji inayofika sikioni hupungua kwa nusu, kiasi cha desibeli 6, nawe utairudisha kwa kuongeza sauti kidogo. Faida ya ziada ni kwamba ule mchuruziko wa kikuza sauti, unaosikika hata sauti ikiwa imeshushwa kabisa, nao hupungua, na kwa anayetafuta sauti hafifu hiyo si faida ndogo.

Sasa upande wa rekoda. Kutoka ncha ya soketi ya redio A, mahali pale pale unapoanzia waya wa kwenda kwenye swichi, toa waya mwengine upitie rezista ya omu 560 na uingie pini ya kwanza ya transfoma ya kwanza. Pini ya pili ya upande huo huo irudi kwenye mashina. Upande wa pili wa transfoma, pini moja ipitie kilo-omu 10 na kufika kwenye ncha ya soketi ya rekoda, na pini nyengine iende kwenye shina la soketi ya rekoda. Kisha lehemu rezista ya omu 100 kati ya ncha na shina la soketi hiyo. Fanya hivyo hivyo kwa redio B na transfoma ya pili, isipokuwa kwenye soketi ya rekoda, badala ya ncha utatumia pete. Kilo-omu 10 na omu 100 kwa pamoja hupunguza sauti mara mia hivi, yaani desibeli 40, kiasi kinachofaa kwa tundu la maikrofoni. Rekoda yako ikiwa na tundu la laini (line in), ziache rezista hizo nne na uunganishe transfoma moja kwa moja, maana laini inataka sauti nzima.

Shina la soketi ya rekoda lisiguse mkebe popote, na hapo ndipo inapokaa ile soketi yenye mwili wa plastiki. Sauti inavuka transfoma kwa sumaku, bila waya, na hapo ndipo tunapokata njia ya mvumo wa umeme wa ukutani. Ukiweka soketi ya chuma juu ya bati, umeirudisha njia hiyo kwa mkono wako mwenyewe na transfoma zako zimekuwa mapambo.

Wapo watakaotaka kurekodi kwa simu ya mkononi. Inawezekana, ila tundu la simu lenye maikrofoni hupokea upande mmoja tu, hivyo utarekodi redio moja na kupoteza ulinganisho. Ikibidi, tumia plagi ya mapete mawili, ambayo katika simu nyingi za sasa shina lake ndilo la maikrofoni na pete ya pili ndiyo ardhi. Weka rezista ya kilo-omu 2.2 kati ya shina na pete ya pili ili simu itambue kwamba pana maikrofoni, na sauti iingie kupitia kapasita ya mikrofaradi 1 kutoka pale kilo-omu 10 inapokutana na omu 100.

Onyo moja kabla hujachomeka kitu. Boksi hili ni la tundu la hedifoni. Usiliunganishe na waya za spika za redio ya gari, kwa sababu katika redio nyingi za gari hakuna waya wa spika ulio ardhi. Waya zote mbili zinabeba sauti, na ukiugusisha mmoja na shina utaunguza kikuza sauti.

Kabla ya kuwasha

Chukua mita, weka kwenye omu, na hedifoni ikiwa haijachomekwa pima kati ya ncha ya A na ncha ya B katika kila mkao wa swichi. Kwa swichi mbili za vituo vitatu mikao ni tisa. Usomaji usikaribie sifuri katika mkao wowote. Utapata zaidi ya omu elfu moja, ambazo ni zile 560 mbili pamoja na transfoma. Ukikuta sifuri, pana tone la risasi limeunganisha miguu miwili, na redio zako zingekuwa zinasukumana. Kisha pima kati ya shina la rekoda na bati la mkebe: mita isisome kitu. Hayo mawili yakiwa sawa, chomeka redio moja, sauti chini kabisa, hedifoni ikiwa mezani na si masikioni, ndipo uongeze polepole.

Chumvi

Boksi langu la pili lilifanya kazi vizuri miezi michache, masika yakaingia, na sikio la kushoto likaanza kukwaruza. Ukikigusa kijiti sauti inarudi, ukikiachia inafifia. Nililehemu upya kila kiungo bila mafanikio, nikalipeleka kwa fundi redio mmoja Mlandege, akalifungua, akanusa, akacheka. "Maalim, hapa hapana ubovu," akaniambia, "hapa pana bahari."

Maneno yake yana maelezo ya kielektroniki. Hewa ya pwani hubeba chumvi na unyevu, na juu ya vipande vya mguso ndani ya swichi hujengeka utando mwembamba usioonekana. Swichi ya taa haidhuriki na utando huo, kwa kuwa umeme wa ukutani una nguvu na kila ukiiwasha hutoka cheche ndogo inayouchoma. Sauti ya hedifoni ni sehemu ya volti tu, na ile inayokwenda kwenye tundu la maikrofoni ni milivolti chache. Haina nguvu ya kuutoboa utando, hivyo swichi inayoonekana nzima kwa mita inaweza kuwa kiziwi kwa sauti hafifu.

Dawa yake inaanzia dukani. Ukizipata swichi zenye mguso uliopakwa dhahabu, zichukue hata kama bei ni mara tatu, kwa sababu dhahabu haishiki utando huo. Za fedha ni nzuri kwa umeme mkubwa lakini si kwa kazi hii. Ukiwa nazo za kawaida, jizoeze kuzigeuza mara ishirini hivi kabla ya kila usiku wa kusikiliza, kwani msuguano wenyewe husafisha, na kila baada ya miezi kadhaa nyunyizia dawa ya kusafishia mguso kupitia shingo ya kijiti. Asiyekuwa na dawa hiyo anaweza kutumia spiriti safi isiyo na maji mengi. Mafuta ya cherehani hayafai, kwa kuwa hukusanya vumbi, na msasa haufai zaidi, kwa kuwa hukwangua ule upako uliolipia. Soketi nazo zisisahauliwe: plagi inayokaa tunduni mwezi mzima bila kuchomolewa ndiyo inayoota kutu ya kijani.

Boksi lisipotumika, mimi hulitia ndani ya ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu vipya. Mtu wa Mkoani au Micheweni, kule Pemba, aliye mita mia kutoka ufukweni afanye hivyo hivyo bila kusubiri masika.

Mvumo na kelele

Ukisikia mvumo mzito, mlio ule wa hezi 50 au 100 wa umeme wa ukutani, kwenye rekodi lakini si kwenye hedifoni, shina la rekoda limegusa mkebe mahali fulani. Ukiusikia kwenye hedifoni, chomoa chaja za redio na utumie betri. Redio mbili zilizoungwa na chaja mbili tofauti, kisha mashina yao yakaunganishwa ndani ya boksi, zimefunga duara ambalo umeme huzunguka ndani yake, na hatukuweka transfoma upande wa hedifoni kwa sababu za omu 600 hazifai kuendesha omu 32. Betri zinalikata duara hilo bila gharama.

Kelele ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu inajifanya ni ya angani. Kompyuta ya mapajani iliyounganishwa na boksi kwa ajili ya kurekodi hutoa uchafu wa mawimbi, uchafu huo ukasafiri juu ya waya wa oksi kama juu ya antena, ukaifikia fimbo ya feraiti, ile antena ya masafa ya kati iliyo ndani ya redio, nawe ukadhani masafa ya kati yameharibika usiku ule. Kuijua ni rahisi: iweke redio kwenye masafa yasiyo na kituo, kisha chomoa plagi ya rekoda. Kelele ikishuka, ilikuwa inakuja kwa waya. Transfoma husaidia kiasi, lakini uchafu wa masafa ya juu huruka kati ya nyuzi zake. Tafuta pete nyeusi ya feraiti, kama zile nene zilizo kwenye kebo za skrini za zamani, uizungushie waya wa oksi mara nane hadi kumi karibu na upande wa redio, na uiweke redio angalau mita moja na nusu kutoka kompyuta. Kompyuta ifanye kazi kwa betri yake, kwa kuwa mara nyingi chaja ndiyo mchafuzi mkubwa kuliko kompyuta yenyewe.

Wakaazi wa Unguja wanaikumbuka miezi ya kiza kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika. Ilikuwa shida kubwa na sisemi ingerudi, lakini kwa aliyekuwa na redio ya betri na akawa mbali na jenereta, masafa ya kati yalikuwa safi kwa namna ambayo sijaisikia tena. Tangu hapo, umeme ukikatika usiku, watu wa nyumbani hutafuta tochi nami hutafuta hedifoni.

Usiku wa kusikiliza

Anza na redio A kwenye masafa yenye shaka na B kwenye masafa unayoyajua, na ujizoeze kutoigeuza kanuni hiyo, ili kushoto kwa rekodi kuwe daima ni kwa kisichojulikana. Sawazisha sauti za redio mbili kwa vitufe vyao wenyewe mpaka upande wenye sauti safi usiuzidi ule hafifu; mara nyingi utahitaji kukishusha kile kilicho wazi zaidi ya unavyotarajia. Ikiwa kelele za radi upande wa A zinachosha, weka swichi ya kushoto katikati, upumzishe sikio, uendelee na B peke yake. Rekoda inaendelea kuchukua zote mbili.

Washa rekoda dakika tatu kabla ya saa na uiache hadi dakika tano baada yake, maana vituo vingine hujitaja kabla ya mlio wa saa na vingine baada ya habari kuanza. Faili la stirio lisilobanwa, kwa sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, hula megabaiti zaidi ya 10 kwa dakika. Sauti ya masafa ya kati haifiki mbali kwa upande wa juu, kwa kawaida kilohezi 5 tu hivi, kwa hiyo sampuli 22,050 zinatosha kabisa na faili linakuwa nusu. Usilibane kwa mtindo wa muziki wa simu mpaka umeshalisikiliza, kwa sababu ubanaji huo hutupa sauti hafifu zilizofunikwa na nzito, na hizo ndizo ulizokesha kwa ajili yake.

Kabla ya saa kutimia, andika daftarini mara moja: tarehe, masafa ya A, masafa ya B, na wakati kwa saa ya dunia (UTC), kwa kuwa vituo vingi hupokea ripoti kwa saa hiyo na si kwa yetu. Saa zetu za Afrika Mashariki zimetangulia kwa saa tatu, lakini anayehesabu kwa Kiswahili ana njia fupi zaidi, ambayo sijaiona ikiandikwa: toa tatu kutoka saa ya dunia, na ikizidi kumi na mbili toa kumi na mbili nyengine. Saa 18 ya dunia ukitoa tatu unapata 15, ukitoa kumi na mbili unapata saa tatu usiku. Ikiwa saa ya dunia ni ndogo kuliko nne, ongeza kumi na mbili kwanza. Saa 2 ya dunia inakuwa 14, ukitoa tatu unapata saa kumi na moja alfajiri, wakati ambapo adhana ya alfajiri imeshapita au inakaribia, na vituo vya masafa ya kati vya magharibi yetu bado viko gizani na vinasikika.

Ukituma ripoti kituoni kuomba kadi ya uthibitisho, kata kipande cha dakika moja chenye pande zote mbili, ueleze kwamba kushoto ni masafa fulani na kulia ni fulani. Mhandisi atakayelifungua faili hilo atasikia matangazo yake mwenyewe yakienda sambamba katika masikio yake mawili, na hatahitaji ueleze zaidi. Kisha chomoa plagi zote, geuza vijiti katikati, na urudishe boksi ndani ya ndoo yake.